Kicheko Nilichokipima Nusu

Nikiketi katika mikahawa ya Al Baraha, hapa Dubai, siku hizi huwasikia nyinyi vijana wetu, hasa mnaokuja kufanya kazi ya kuuguza wazee, mkiambiana kwamba kicheko ni dawa. Maneno hayo mmeyapata kwenye simu. Mimi nimefanya kazi na kicheko miaka ishirini na minane. Kumi na tisa nilikuwa fundi wa projekta katika jumba la sinema huko Bur Dubai. Tisa nilikuwa nawaonyesha wagonjwa filamu za zamani katika nyumba ya watu binafsi ya mazoezi ya viungo, hapa hapa Al Baraha, ambayo sasa imefungwa. Sikusomea udaktari, wala filamu sikuzisomea. Ninachokijua nimekipata kwa kusoma, kwa kuuliza, na kwa kuandika kila nilichokiona. Nawaandikia kwa sababu kuna jambo moja niliandika nusu yake tu, na aliyeumia si mimi.

Lazima nianze na ufundi wenyewe, la sivyo kosa langu mtaliona dogo.

Filamu ninazozisema ni za vichekesho za miaka ile sinema ilipoanza kuwa na sauti. Maikrofoni zilikuwa nzito na hazikusikia mbali, kwa hiyo zilifichwa nyuma ya pazia, chini ya meza, au ndani ya chombo cha maua. Ndiyo maana mtawaona watu wazima wanne wamebanana kando ya chombo cha maua bila sababu yoyote, na kila mwenye neno analiambia ua. Waigizaji wengi walitoka kwenye filamu bubu, walizoea kuchekesha kwa mabega na magoti, na sasa wanatakiwa wasisogee. Mtu aliyezuiwa kusogea huku mwili wake wote unataka kukimbia anachekesha kuliko anayekimbia.

Kitu cha pili ni nafasi. Watengenezaji waligundua mapema kwamba ukumbi ukicheka, neno linalofuata halisikiki. Basi wakaacha pengo baada ya kila kichekesho. Mwigizaji anarekebisha kofia, anapumua, anatutazama kama mtu aliyeonewa. Katika ukumbi uliojaa hulioni pengo hilo, maana umelijaza mwenyewe. Ukitazama peke yako kwenye simu utadhani filamu imekwama.

Aliyenifundisha haya ni Bwana Kasim, Mhindi aliyezaliwa Mombasa, ambaye Kiswahili chake cha Kimvita kilinitia haya mimi mtu wa Malindi. Alikuwa fundi mkuu, mfupi, mwenye kibandiko cha dawa shingoni mwaka mzima. Wakati huo Ijumaa asubuhi jumba letu lilikodishwa na kikundi cha wapenzi wa filamu za zamani. Mara ya kwanza kuachiwa mkanda peke yangu, niliupandisha, nikawasha taa ya projekta, nikasimama kama bwana harusi. Baada ya dakika kumi Bwana Kasim akaingia chumbani.

"Wasikia nini?" akaniuliza.

Nikatega sikio kwenye kidirisha. "Sisikii kitu, Bwana Kasim."

"Ndicho hicho. Filamu ni ya kuchekesha na wewe husikii kitu. Wafurahi?"

"Sauti iko sawa. Picha iko wazi."

"Njoo utazame hiyo picha iliyo wazi."

Nikatazama. Mwanamume amevaa suti, yuko harusini, anawasalimu wakwe. Kila mtu anamkimbia na mimi sioni kwa nini.

"Kwa nini wamkimbia?" akauliza.

"Sijui."

"Hujui kwa sababu mguu wake uko ndani ya ndoo ya gundi, na hiyo ndoo umeikata. Umewakata watu miguu, kisha wataka wacheke!"

Kosa lilikuwa kibati. Ndani ya projekta mna kibati chenye tundu kinachoamua sehemu gani ya picha ifike kwenye pazia. Filamu za siku hizi ni pana, na tundu la kibati chetu lilikuwa pana na fupi. Picha za zile za zamani zinakaribia kuwa mraba. Ukiweka kibati cha tundu pana unakata juu na chini, vichwa na miguu, na nusu ya vichekesho vya zamani viko miguuni. Picha iliyobaki ilikuwa safi kabisa, wala haikuwa na ukungu. Ndiyo sababu sikushuku. Bwana Kasim alikuwa na kibati chake cha mraba, alichokichonga mwenyewe kwa tupa, amekifunga ndani ya soksi. Alinipa, akasimama nyuma yangu mpaka nikakibadilisha, kisha akasema, "Kazi yetu si kuwasha mashine, kijana. Kazi yetu ni kusikiliza ukumbi."

Tangu siku hiyo nikaanza daftari. Filamu gani, dakika ya ngapi, wamecheka kwa muda gani. Niligundua kwamba kicheko kikianza kupanda inafaa kuongeza sauti kidogo kwa mkono, taratibu, na kuishusha kinapokufa. Wateja hawakujua. Walidhani filamu ndiyo inayosikika vizuri.

Projekta za mikanda zilipoondolewa, Bwana Kasim alirudi Mombasa, nami nikawa mtu mwenye ujuzi usiotakiwa na yeyote. Mmoja wa wateja wa zamani wa Ijumaa alinipeleka kwenye ile nyumba ya mazoezi. Walitaka mtu wa kuwasha televisheni na kurekebisha vitanda. Nikawaambia naweza kufanya zaidi ya kuwasha. Ndivyo ilivyoanza saa ya filamu, kila siku baada ya alasiri, chumba cha chini, viti kumi na vinne.

Hata huko nilikosea. Meneja, ambaye sote tulimwita sir, alitaka kipindi kiwe kifupi ili wagonjwa wawahi chakula. Filamu zilikuwa kwenye kompyuta, basi nikayakata yale mapengo, nikijipongeza kwamba sijagusa kichekesho hata kimoja. Siku hiyo chumba kizima kilikaa kimya kama kinasikiliza taarifa ya habari. Walipotoka, mzee mmoja wa Unguja alinishika mkono.

"Fundi, leo hawa watu wana safari?"

"Safari gani, Mzee Seif?"

"Wanazungumza mbio mbio tu. Hata kucheka hatujaruhusiwa!"

Usiku huo huo niliyarudisha mapengo yote.

Sasa nimemtaja Mzee Seif. Alifanya kazi katika duka la viungo Al Ras zaidi ya miaka thelathini, na alikuwa akijisifu kwamba anaweza kutambua iliki ya zamani kwa kuisikia inavyotikisika. Homa ya mapafu ilimlaza hospitalini, na alipoletwa kwetu kifua chake kilikuwa kimejaa makohozi, anatembea na mtungi wa oksijeni. Jambo alilolitaka lilikuwa moja. Alikuwa na dada yake Unguja, Bi Mwanakheri, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Sasa Bi Mwanakheri haoni na hawezi kusafiri, na walikuwa hawajakutana miaka kumi na mmoja. Daktari alikuwa tayari kumwandikia barua ya kupanda ndege siku atakapoweza kutembea ukumbi wa vyumba wote, kwenda na kurudi, bila mtungi. Ukumbi ule una milango tisa. Alipofika kwetu aliweza mlango wa pili.

Wa kumfikisha kwenye mlango wa tisa alikuwa Wanjiku, mtaalamu wa mazoezi, binti wa Nyeri, mwenye mikono mikubwa na mdomo usio na breki. Alikuwa na kidude cha plastiki chenye vipira vitatu, ambacho mgonjwa huvuta pumzi vipira vikapanda. Mzee Seif alikichukia.

"Mtu mzima mimi, nicheze na vipira?"

"Si kucheza, Mzee. Vuta."

"Vuta wewe, una mapafu ya ng'ombe."

"Aki Mzee, usipovuta leo nitakugeuza nikupige mgongo kama chapati."

"Binti, mimi si godoro!"

Alikataa siku nyingi. Lakini kwenye filamu alicheka. Kiingereza hakukijua sana, na mwanzoni nilikaa karibu yake nikimfasiria, mpaka nikaona kwamba ninapofungua mdomo yeye hufunga wake. Nikanyamaza. Alicheka kwa mabega ya yule mtu, kwa macho yake, kwa watu waliobanana kwenye ua. Akicheka kicheko cha kifua, kikohozi kilimjia nyuma yake, kikohozi kizito chenye kutoa kitu. Mimi ndiye niliyemwonyesha Wanjiku. Siku ya pili alikuja kusimama mlangoni, akatazama. Akasema, "Hapo ndipo nitakapomshika."

Kuanzia hapo, filamu ilipoisha na kifua bado kimelegea, Wanjiku alimchukua kwa robo saa. Alimlaza ubavu, akampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama bakuli, akamfundisha kuvuta pumzi, kuishika, kuitoa kwa nguvu. Mzee alikubali kwa kuwa alikuwa bado ana furaha. Mlango wa tatu. Wa tano. Akafika wa saba.

Niwaambie ninachokiamini kuhusu kicheko na afya, baada ya miaka yote hii. Kinatikisa kifua na tumbo, kinatoa hewa iliyokaa chini, kinamfanya mtu akohoe. Moyo unakwenda mbio kidogo kisha misuli inalegea. Maumivu hupungua kwa muda, na mgonjwa anayecheka na wenzake hajioni ametupwa. Ni mengi hayo. Lakini kicheko hakijui kifanye nini na makohozi kiliyoyalegeza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mikono ya Wanjiku. Na mwenye mshono mpya wa tumbo msimchekeshe kabisa kabla hamjamuuliza daktari. Mimi nilimchekesha mmoja, na alinitukana kwa lugha tatu.

Daftari langu lilikuwa limekua. Nilikuwa na safu ya jina, ya filamu, ya dakika, ya aina ya kicheko: tabasamu, cha pua, cha kifua, cha machozi. Nilikuwa na safu ya kikohozi. Mwishoni nikaongeza safu ya mlango aliofika kila jioni. Safu ya Wanjiku haikuwepo. Sikuiacha kwa ubaya. Nilijiambia yeye ana faili zake, na mimi niandike niliyoyashuhudia katika chumba changu. Nilijiona mtu mwangalifu.

Meneja aliliona daftari mezani. Alilifungua, akavua miwani, akavaa tena.

"Fundi, hii umeandika wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, sir."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Niandikie ukurasa mmoja. Kabla ya filamu na baada ya filamu. Fupi. Arbab hapendi kusoma."

Arbab ndivyo tulivyomwita mwenye nyumba ile. Niliuandika ukurasa ule kwa siku mbili, vijana wangu, kama mtu anayeandika wasia. Tangu saa ya filamu ianze, mgonjwa huyu ametoka mlango wa pili hadi wa saba. Kila neno lilikuwa kweli. Meneja akaniambia nitie sahihi, nikatia, tena nikaandika chini yake kwa herufi kubwa kazi yangu: Mwongozaji wa Kicheko. Cheo hicho nilikitunga mwenyewe. Ukurasa ukatiwa kwenye fremu, ukatundikwa mapokezi.

Mwezi uliofuata mkataba wa Wanjiku ulikwisha na hakupewa mwingine. Nilimkuta anafunga vitu vyake katika mfuko wa duka.

"Wamesema nini?" nikamuuliza.

"Wamesema wagonjwa wa kifua wanaendelea vizuri na filamu. Iko karatasi." Alinitazama. "Uliandika nini, Fundi?"

"Niliandika anavyocheka."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Hukuwa kwenye chumba cha filamu. Mimi niliandika ya kwenye..."

"Robo saa kila siku! Mgongo wake naujua kuliko wa babangu. Kwa hiyo mimi nilikuwa pazia tu, sindio? Watu wanacheka, mimi nimening'inia nyuma."

Akakichukua kile kidude cha vipira, akakiweka juu ya daftari langu. "Hiki mwachie Mzee. Lakini hatakivuta."

Nilikwenda kwa meneja asubuhi ya pili. Nikamwambia ukurasa ule haukukamilika.

"Kuna uongo ndani?"

"Hapana, sir. Kuna kilichopungua."

"Wewe si mtu wa kupunguza. Nimekuona, unaandika mpaka mtu akipiga chafya. Khalas, imetosha. Arbab amefurahi, wewe unataka nini?"

Nilitaka kuuondoa ukurasa ukutani. Sikuuondoa. Nilikuwa nimebakiza mwaka na nusu wa mkataba, na viza yangu ilikuwa mkononi mwao. Hiyo ni sababu. Siiti udhuru.

Badala ya Wanjiku aliletwa mtu wa kufundisha kicheko, kijana mwenye fulana ya njano, aliyewasimamisha wagonjwa kwa duara, akawaamuru wapige makofi na kusema haa haa, hoo hoo. Mzee Seif alimtazama muda mrefu kutoka kwenye kiti chake.

"Fundi," akaninong'oneza, "huyu anafukuza kuku?"

Hicho ndicho kilichokuwa kicheko cha mwisho cha kifua nilichokiandika kwa jina lake. Kikohozi kilikuja. Akakimeza.

Baada ya hapo nilijaribu mwenyewe. Nilikuwa nimemwona Wanjiku mara nyingi, nikadhani najua. Filamu ilipoisha nikamwambia, "Mzee, lala ubavu nikupigepige."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kila mtu na kazi yake. Wewe washa mambo yako tucheke."

"Kifua chako hakitaki kucheka tu."

Akacheka kidogo, cha pua. "Alaa! Si wewe uliyeandika? Pale mapokezi, kwenye kioo, na jina langu. Muuguzi mmoja kanisomea. Umesema nimetoka mlango wa pili hadi wa saba kwa kucheka. Sasa umebadilika?"

Nikamwambia nilikosea. Akanipapasa bega kama mtu anayemfariji mtoto. "Hukukosea. Wewe una wasiwasi tu. Umeandika vizuri sana."

Kila siku nilimwomba, naye kila siku akaiamini karatasi yangu kuliko mdomo wangu. Watu ndivyo walivyo na kitu kilichotiwa kwenye kioo.

Akarudi mlango wa sita. Kisha wa nne. Kila Alhamisi Bi Mwanakheri alikuwa akipiga simu, na kwa kuwa mikono ya Mzee Seif ilitetemeka, mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni. Mwishoni Bibi aliomba azungumze nami. "Anaendeleaje ndugu yangu?" Nami kila Alhamisi nilimjibu, "Anacheka sana, Bi Mwanakheri." Hata hilo lilikuwa kweli. Alipofika mlango wa tatu walimrudisha hospitalini, na hakutoka. Akazikwa huku huku, siku ya jua kali, tukiwa watu kama kumi na watano, wengi wao wachukuzi wa Al Ras.

Nyinyi mnaojaza fomu za wagonjwa kila zamu, hili nawaambia bila mapambo: ukiandika mgonjwa ameendelea vizuri, andika pia mikono yote iliyomgusa siku hiyo, hata ya mtu usiyempenda, hata ya mtu ambaye kazi yake huielewi. Na ukigundua umepunguza, usiende kunong'ona ofisini. Sema mbele ya mgonjwa na mbele ya jamaa zake, siku hiyo hiyo, kabla karatasi haijapata fremu. Wanjiku nilimtafuta baadaye. Yuko Sharjah, anatunza mtoto wa watu. Alisoma ujumbe wangu na hakujibu, na ni haki yake.

Wiki mbili baada ya mazishi Bi Mwanakheri alinipigia. Alinishukuru kwa kumshikia simu nduguye. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, "Na yale mazoezi ya kifua aliyonisimulia mwanzoni, nani alikuwa akimfanyisha?"

Nikamwambia yote. Wanjiku, daftari, ukurasa, sahihi yangu. Nikamwambia kwamba yule binti alipoondoka, Seif hakukubali mtu mwingine, na mimi nilishindwa kumlazimisha.

"Alikataa?"

"Alikataa, Bibi. Kila siku."

"Na mimi nikipiga simu kila Alhamisi." Nilimsikia anavuta kiti, akakaa. "Mwanangu, yule nimemlea mimi. Alikuwa hali dawa mpaka nimwambie mimi. Ungenambia tu. Ningemwambia, Seif, vuta pumzi, na angevuta."